Kabati limefungwa, rimoti inafanya kazi: uzoefu wangu na kifaa cha kurefusha rimoti

Nilipohamishia ampli, deki na king'amuzi ndani ya kabati la mbao nyuma ya kochi, sebule ilipendeza kwa siku moja. Usiku wa kwanza wa sinema niliinuka mara sita kwenda kufungua mlango wa kabati nipunguze sauti. Rimoti hizi hutumia miali ya infraredi, na miali hiyo haina ujanja mbele ya ubao, sawa na mwanga wa tochi. Mke wangu akauliza kama nina mpango wa kutazama filamu zote nikiwa nimesimama. Kesho yake nikaagiza kifaa cha kurefusha rimoti. Huu ni mwezi wa nane naishi nacho.

Ndani ya boksi mlikuwa na jicho la kupokelea lenye ukubwa wa punje ya haragwe, kisanduku kidogo cheusi, adapta ya volti 5, na nyaya nne nyembamba zenye vitaa mwishoni. Vitaa hivyo nyumbani kwetu tunaviita vimulimuli, ingawa mwanga wake hauonekani kwa macho. Unabonyeza rimoti, jicho linapokea miali na kuigeuza kuwa umeme, kisanduku kinaukuza, kisha kimulimuli kinarudia ujumbe uleule mbele ya kifaa kilichojificha. Rimoti nyingi hupepesa mwanga wake kwa kilohezi 38, yaani mara 38,000 kwa sekunde, na kisanduku changu kinapokea kuanzia kilohezi 30 hadi 60. Ampli yenyewe haijui kama aliyeisemesha ni rimoti au mkalimani.

Kabla ya kutoboa chochote nilikijaribu mezani, na hapo ndipo nilipotaka kukirudisha. Nilibonyeza rimoti mara moja tu, taa ya kisanduku ikawaka na kukataa kuzima. Nikachomoa, nikachomeka, nikabonyeza, yale yale. Karatasi ya maelekezo haikusema neno. Baada ya kama nusu saa ya kulaumu kiwanda nikagundua kwamba nilikuwa nimerundika vyote pamoja, vimulimuli vinalitazama jicho uso kwa uso. Jicho lilipokea nilichobonyeza, vimulimuli vikakirudia, jicho likavisikia na kuvituma tena, mzunguko usio na mwisho, kama maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika yake. Nikaligeuzia jicho upande wa pili, kimya. Ukikitoa kwenye boksi, tenganisha jicho na vimulimuli kwanza, ndipo uanze kukikosoa.

Kazi yenyewe ilikuwa waya. Waya wa jicho ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu, na kutoka juu ya runinga hadi kwenye kabati, kwa kufuata ukuta, nilipima mita tisa. Nikafanya alichofanya kila mwenye haraka: nikatafuta kebo ya kurefushia ya sauti iliyokuwa imelala kwenye droo, plagi yake ina unene uleule wa milimita 3.5, nikaiunga. Taa ya kisanduku ikazima palepale.

Plagi ya jicho ina sehemu tatu za chuma: ncha, pete ya katikati na shina. Kebo yangu ya droo ilikuwa ya sehemu mbili tu, haina pete, kwa hiyo pete na shina viligusana ndani ya soketi. Nilipokuja kupima kwa mita ya kupimia volti, jicho likiwa limechomolewa, nikakuta kati ya pete na shina kuna volti 4.9. Kumbe pete ndiyo inayobeba umeme wa kulilisha jicho na shina ndiyo ardhi, yaani njia ya umeme kurudi. Nilikuwa nimepiga shoti bila kujua, na adapta ikajikata yenyewe. Kupona kwa kisanduku nakuhesabu kuwa bahati. Mpangilio huu si sheria ya dunia: kuna watengenezaji wanaoweka umeme kwenye ncha na ujumbe kwenye pete. Jicho la kampuni moja ukilichomeka kwenye kisanduku cha nyingine bila kupima, unaweza kuliunguza ndani ya kufumba na kufumbua.

Mara ya pili nilitumia kebo ya mtandao, ile yenye nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili. Nilihitaji nyaya tatu, nikatumia nne. Jozi ya rangi ya machungwa: mmoja ujumbe, mwenzake ardhi. Jozi ya buluu: mmoja volti 5, mwenzake ardhi tena. Ardhi zote mbili nikaziunganisha kila mwisho. Ujumbe ukisokotwa pamoja na ardhi hauokoti makelele kirahisi njiani. Nikachomelea kwa risasi, nikavalisha kila kiungo mpira wake, nikaandika kwenye kipande cha karatasi rangi gani ni nini na kukibandika ndani ya mlango wa kabati. Kebo niliipitisha mbali na nyaya za umeme wa nyumba, na palipobidi zikutane nikaikatisha kama msalaba badala ya kuzilaza sambamba. Mita tisa, na sijaona tofauti yoyote na ule waya mfupi wa kiwandani.

Kubandika vimulimuli kulihitaji subira. Kila kifaa kina jicho lake nyuma ya plastiki nyeusi, na ukibandika kwa kukisia utakosea. Nilimulika tochi kwa pembeni hadi nikaona kiduara ndani ya plastiki, ndipo nikabandika. Deki ilitii mara moja. King'amuzi kilikuwa kinapokea mbonyezo mmoja na kuruka miwili. Nilidhani mwanga haufiki, nikausogeza karibu zaidi, kikazidi kuharibika. Tatizo lilikuwa mwanga kuzidi. Nilipokisogeza kimulimuli pembeni kidogo, upana wa kidole, kikaanza kusikia kila kitu. Juu ya vyote nikabandika tepu nyeusi ili mwanga usimwagike kwa jirani.

Ukitaka kujua kama kimulimuli kinawaka, fungua kamera ya simu, kielekeze, bonyeza rimoti: utaona nukta ya zambarau hafifu ikipepesa. Kamera ya nyuma ya simu yangu haikuonyesha kitu kwa sababu ina kichujio kikali, ya mbele ikaonyesha. Kipimo hiki kimeniokoa mara nyingi kuliko mita.

Wiki ya kwanza ilikuwa na mashetani. Ikifika jioni taa ya kisanduku inachezacheza bila mtu kugusa rimoti, na rimoti yenyewe inasikika kwa kusuasua. Mchana hakuna shida. Nikazima taa za sebuleni moja moja hadi nikampata mwizi: taa ya pembeni, ile ya kuokoa umeme yenye mrija uliojisokota. Saketi yake hupepesa mwanga makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, karibu na mwendo wa rimoti, na jicho halijui kutofautisha. Kubadilisha balbu kulimaliza habari. Jua nalo husumbua likiligonga jicho moja kwa moja, kwa hiyo jicho langu nimelishusha chini ya ukingo wa runinga, kivulini. Ugonjwa huu ni wa kale: rimoti ya kwanza ya runinga isiyo na waya, Flash-Matic ya kampuni ya Zenith, iliyotoka mwaka 1955, ilitumia mwanga wa kawaida, na jua liliweza kubadilisha chaneli lenyewe.

Kosa langu la mwisho ni la aibu. Ili kuokoa soketi, nilichomeka waya wa umeme wa kisanduku kwenye tundu la USB la king'amuzi. Kilifanya kazi jioni nzima. Usiku nikazima vyote kwa rimoti, asubuhi hakuna kilichowaka. King'amuzi kikilala, tundu lake la USB hulala nacho, kisanduku kinakosa umeme, na rimoti haina wa kumpelekea ujumbe wa kukiamsha. Nilijifungia mlango na kuacha ufunguo ndani. Sasa kisanduku kina adapta yake na hakizimwi.

Kuna rimoti ambazo kifaa hiki hakitazisaidia. Zile zinazotumia Bluetooth, kama za baadhi ya vijiti vya kutazamia filamu za mtandaoni, hazina habari na miali, ingawa hizo tayari hupenya mbao na hazikihitaji. Vyombo vya zamani vya muziki na runinga vya kampuni ya Bang & Olufsen hutumia kilohezi 455, mbali kabisa na uwezo wa visanduku kama changu. Nyuma ya ampli yangu pia kuna tundu la kuingizia ujumbe wa rimoti kwa waya, lakini sikulichomeka. Sikupata popote maelezo ya volti linazotaka, na baada ya ile shoti nimekuwa mwoga.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Hakijawahi kugoma tangu nimalize kurekebisha makosa hayo, na mke wangu ameshasahau kwamba kabatini kuna vyombo. Nyota moja nimeinyima ile karatasi ya maelekezo, ambayo ina picha ya familia inayocheka kwenye kochi lakini haina mstari mmoja unaosema ncha ni nini, pete ni nini na shina ni nini. Gundi ya vimulimuli nayo ni hafifu: cha deki kimeshaanguka mara mbili kwa joto la kabati, na sasa kinashikiliwa na tepu peke yake.