Karakana ya Kariobangi Inayofungua Injini Kabla ya Kuchomea

Kwa wenye pikipiki za zamani jijini Nairobi, hasa Honda CG125 na nyinginezo za rika lake, kumpata fundi si tatizo. Tatizo ni kumpata anayekubali kuifungua injini yote kabla ya kutia moto wa kuchomea kwenye gamba lake, yaani kasha la nje la alumini. Karakana ninayoitathmini hapa iko Kariobangi, katika eneo la Light Industries. Haina bango wala jina lililoandikwa popote, na mtu huifikia kwa kuulizia fundi wa pikipiki kuukuu. Niliipelekea CG125 ambayo cheni yake ilikatika kwenye Outer Ring Road, ikajikunja mbele na kupasua gamba la injini upande wa kushoto. Nimeridhika na kazi yao kuliko ya karakana nyingine yoyote niliyowahi kuilipa katika jiji hili, ingawa zipo kasoro ambazo mteja anapaswa kuzijua mapema.

Ukiondoa kifuniko cha kushoto utaona mara moja jinsi hasara ya aina hii inavyotokea. Sproketi ndogo, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, imebanwa katika nafasi finyu, kati ya kifuniko hicho na ukuta wa alumini wa gamba la injini. Cheni inapokatika, injini huendelea kuizungusha sproketi, nayo huivuta ncha iliyolegea na kuirundika humo. Chuma kikikosa pa kwenda, alumini ndiyo inayopasuka. Ufa ukipenya hadi ndani, oili huvuja, na CG125 hubeba lita moja hivi tu ambayo hulainisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), pistoni na gia kwa pamoja. Kwa hiyo dereva anayefunga cheni mpya na kuendelea na safari bila kuutazama ukuta ule anaweza kuiua injini nzima, kisha akailaumu oili.

Kabla ya kufika Kariobangi nilipitia karakana nyingine, karibu na Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan, ambako ufa ulipakwa gundi ya chuma kwa nje na injini ikarudishwa siku hiyo hiyo. Gundi hiyo ilishika hadi injini ilipopata moto wa msongamano wa magari, kisha oili ikaanza kutambaa tena chini ya sproketi. Sidai kwamba gundi haifai popote, kwani kwenye kifuniko kisichobeba mzigo inaweza kudumu. Lakini mahali ambapo beringi ya shafti ya gia imekaa karibu na ufa, joto na mtikisiko huishinda.

Fundi wa Kariobangi, mzee ambaye vijana wake humwita Mzee tu, alipapasa ufa kwa kidole, akakinusa, kisha akasema, "Bosi, hii siichomei ikiwa imejaa oili. Tutashusha injini, tuigawe mara mbili, au uipeleke kwa mwingine." Sababu zake zina mantiki. Alumini iliyolowa oili huchemka inapochomewa kwa gesi ya arigoni na kuacha vitundu ndani ya mshono, na joto likiletwa upande mmoja wakati beringi bado zimo, tundu la beringi linaweza kupinda. Injini ilifunguliwa, gamba likaoshwa, gundi ya awali ikakwanguliwa yote, ncha mbili za ufa zikatobolewa ili usiendelee kutembea, ndipo likapashwa moto taratibu na kuchomewa. Baadaye alipitisha shafti ya gia katika beringi mpya na kuizungusha kwa vidole mbele yangu, akisikiliza. Sili ya oili, mpira unaozuia oili isivuje nyuma ya sproketi, nayo ilibadilishwa bila mimi kuombwa ruhusa, jambo ambalo kwa kawaida ningelalamikia, lakini sili hiyo ni ya bei ndogo na kuirudisha ya zamani kungekuwa upuuzi.

Kilichonishawishi zaidi ni hatua ambayo wengi huiruka. Injini ya CG125 haina filta ya karatasi. Ina kikombe kinachozunguka pamoja na krenki upande wa kulia, na uchafu hurushwa pembeni na kuganda humo. Mzee alikifungua, akakwangua tope la kijivu kwa kijiti, akalipaka juu ya gazeti na kulitazama kwenye mwanga akitafuta vipande vinavyong'aa. Vilikuwepo vichache vya alumini, na hivyo aliiosha pampu ya oili na njia zake zote kabla ya kufunga. Kama tope hilo lingeachwa mahali pake, kazi nzuri ya kuchomea ingekuwa ya bure.

Kuhusu cheni yenyewe, karakana hii ina msimamo mkali, nami nakubaliana nao. Saizi ya CG125 ni 428, ambayo umbali kati ya pini na pini ni milimita 12.7, kwa hiyo pingili 20 za cheni mpya ni milimita 254. Mzee huivuta cheni ikae sawa, hupima pingili 20 katika sehemu kadhaa, na ikizidi milimita 259 huitupa hata kama mteja anaapa kwamba bado ni nzima. Hauzi cheni bila sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyochongoka huila cheni mpya upesi. Nilipomwomba cheni yenye mipira ya kuzuia vumbi alikataa: ni pana zaidi, na katika injini hii ingeweza kusugua ukuta ule ule alioutengeneza. Alinifungia ya kawaida iliyo nzito, klipu ya kiungo ikiwa imeelekeza upande wake uliozibwa kule cheni inakokwenda, kisha akarudisha lile kasha la bati la kufunika cheni ambalo waendeshaji wengi wa Nairobi hulitoa na kulitupa. Kasha hilo huficha uchakavu, ni kweli, lakini lina kizibo cha mpira cha kuchungulia, na vumbi la barabara zetu ni adui mbaya zaidi. Ushauri wake wa matunzo ni kuosha kwa mafuta ya taa na kupaka oili ya gia, namba 90, kamwe si oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, ambayo imejaa unga wa chuma.

Kasoro zipo. Karakana ni polepole, na tarehe utakayopewa ni matumaini tu. Gamba langu lilisubiri zamu kwa mchomeaji wa jirani, kwa kuwa mashine ya arigoni si yao. Hakuna risiti isipokuwa uidai, na makadirio ya bei hutolewa kwa mdomo, kwa hiyo ni vyema uyaandike na kuyatuma kwa simu kabla injini haijashushwa. Gharama ilizidi ya gundi mara nyingi, na Mzee mwenyewe aliniambia waziwazi kwamba injini ya Kichina iliyonakiliwa kutoka CG ingekaa kwenye fremu ile kwa marekebisho machache. Anayetegemea pikipiki kwa mkate wa kila siku huenda akaona njia hiyo ni nafuu, ila akumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha umiliki, na mabadiliko hayo yanapaswa kusajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mimi nilitaka injini ile ile, na nimeipata kavu, bila tone la oili chini ya sproketi.

Ukienda, usiioshe pikipiki kwanza. Mzee hupenda kuona oili imetokea wapi, na cheni iliyokatika mpelekee pia, hata vipande vyake, kwa kuwa hutazama pini iliyovunjika kabla ya kuamua atakachofungua.