Msako wa visanduku maktabani: leta boksi, boksi gani?

Mwanangu alirudi na kikaratasi kutoka maktaba ya mtaa wetu, hapa Minnesota, akamtangazia bibi yake kwamba Jumamosi tunakwenda "letaboksingi", yaani letterboxing, mchezo wa kusaka visanduku vilivyofichwa. Mama alikuwa na wiki tatu tu tangu atue kutoka Tanga. Akauliza, "Nilete boksi? Boksi gani?" Basi kwetu mchezo huu jina lake limebaki Leta Boksi.

Maktaba imeficha visanduku sita kwenye rafu za ghorofa mbili. Ndani ya kila kimoja mna muhuri wa mpira, pedi ya wino na daftari dogo. Unapewa karatasi ya vidokezo, unasaka. Ukikipata, unagonga muhuri wao kwenye daftari lako na wako kwenye daftari lao, kisha unakirudisha kimyakimya kilipokuwa. Hulipi hata senti, wala hudaiwi kadi ya maktaba. Muhuri unajichongea mwenyewe. Mimi nilichonga korosho ya kanga kwenye raba ya kufutia. Mwanangu alichonga jina lake akasahau kwamba muhuri hugeuza, likatoka kinyumenyume, na kuchonga upya hataki.

Kikaratasi kinasema mchezo huu ulianzia kwenye nyika ya Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, pale mwongoza wageni James Perrott alipoacha chupa Cranmere Pool ili kila aliyefika atie kadi yake. Huko ni kukanyaga matope kutwa. Sisi tulikanyaga zulia, na nje kulikuwa na baridi ya kugandisha kope.

Kidokezo cha tatu ndicho kilichonifanya niandike. Mtoto alimfasiria bibi yake: "Nina miji, sina nyumba. Nina mito, sina maji." Mama kafundisha darasa la nne miaka mingi, jibu alilipata papo hapo, nilimwona usoni. Lakini hakusema. Akamgeuzia mtoto kibao: "Umeshindwa? Nipe mji." Mtoto wa huku huyu, hajui kwamba anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Akasema, "Saint Paul, Bibi."

"Haya. Nimekwenda Saint Paul, nikapewa mkate baridi na maziwa baridi, nikavumilia. Wenyeji wakanikunjulia mji wao mzima juu ya meza..."

"Ramani!" Maktaba nzima ilisikia.

Tukaenda rafu namba 912, kwenye atlasi. Kisanduku kimevishwa jalada la kitabu kikuukuu, unaweza kukipita mara tatu usikitambue. Hapo ndipo waliponipendeza waandaaji: huwezi kucheza bila kuzijua namba za rafu. Miaka tisa naingia maktaba hii kuazima vitabu vya mapishi tu, ndiyo kwanza najua vitendawili viko 398.6, tena rafu nzima.

Sasa lawama. Kidokezo cha tano kilitupeleka kwa mbwa, 636.7, kikatuambia tutazame "kushoto kwa kitabu chekundu". Kitabu chekundu hakipo. Tumehangaika dakika ishirini, kumbe kimeazimwa! Jamani, hii ni maktaba. Ni sawa na kumwelekeza mgeni akate kona pale ilipoegeshwa daladala. Wangetaja namba iliyobandikwa kwenye rafu, yangekwisha. Binti wa mapokezi naye alituambia ameingia zamu sasa hivi, mchezo wenyewe hajausikia. Pedi ya kisanduku cha nne ilikuwa kavu kama gamba. Mtoto aliupulizia muhuri pumzi ndipo ukatoa kivuli cha bundi. Na visanduku viwili viko rafu ya chini kabisa, Mama na magoti yake akaishia kukaa kwenye kigoda cha kupandia, anatoa amri.

Hata hivyo nawapa nyota nne kwa tano. Saa moja na nusu bila simu mkononi, na bibi na mjukuu wakinong'onezana Kiswahili katikati ya rafu, sikuwahi kuyapata kwingine kwa bei hiyo. Nendeni asubuhi kabla watoto hawajajaa, na bebeni pedi yenu ya wino.

Sisi tumebakiza cha sita. Mama anasema jibu analo, anangoja mji, na safari hii Saint Paul hataki. Anataka mji wenye wali.