Bad News: mchezo unaomkabidhi kijana kazi ya mzushi

Zana nyingi za kufundishia elimu ya vyombo vya habari ni mabango yenye maagizo ya kufikiri kabla ya kusambaza, ambayo mwanafunzi huyasoma, huyakubali na kuyasahau kabla kengele haijalia. Bad News, mchezo wa bure uliotolewa Februari 2018 na asasi ya Kiholanzi ya DROG kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Jon Roozenbeek na Sander van der Linden, umekwenda kinyume kabisa: mchezaji ndiye mzushi. Nimeutumia na klabu ya uandishi wa habari ninayoisimamia katika shule ya sekondari, na ninachokipima hapa ni kama unamfaa kijana wa huku kwetu aliyebakiza mwaka mmoja au miwili kabla ya kupiga kura.

Huchezwa kwenye kivinjari bila kujisajili, na raundi moja huchukua takriban robo saa. Mchezaji huanza na wafuasi wachache, hufungua tovuti yake ya habari bandia, kisha hujipatia beji sita, kila moja ikiwa ni mbinu ya upotoshaji: kujifanya mtu au taasisi nyingine, kuchezea hisia, kugawanya watu, kueneza nadharia za njama, kumchafua anayekukosoa na kufanya uchokozi mtandaoni. Vipimo viwili humfuata kila hatua, yaani idadi ya wafuasi na kiwango cha kuaminika. Ukidanganya kwa pupa, kuaminika kunashuka. Ukiwa mwoga, wafuasi hawaji. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufundi wa mchezo huu, kwani kijana hujionea mwenyewe kwamba uongo unaosafiri mbali si ule mkubwa kupita kiasi, bali ni ule uliochanganywa na ukweli wa kutosha.

Beji ya kwanza ndiyo iliyozua mjadala mkali zaidi. Mojawapo ya akaunti za kughushi ni ya rais wa Marekani, ambayo jina lake limebadilishwa herufi moja tu, na mwanafunzi mmoja alishikilia kwamba ni akaunti halali mpaka mwenzake alipoweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya herufi yenyewe. Nilitumia nafasi hiyo kuwasimulia kuhusu klipu zilizosambazwa kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2017, zilizotengenezwa zionekane kuwa taarifa za CNN na BBC kuhusu kura za maoni, hata mashirika hayo yakalazimika kuzikana hadharani. Mfano huo uliwagusa kuliko wowote uliomo ndani ya mchezo.

Na hilo ndilo pungufu la kwanza. Mifano ni ya Ulaya na Marekani, mandhari ni ya Twitter ya zamani, na toleo tulilolicheza lilikuwa la Kiingereza, kwa hiyo wenye lugha nzuri waligeuka wakalimani na wengine wakabaki watazamaji. Uzushi unaowafikia vijana hawa huja kwa WhatsApp, mara nyingi kama sauti isiyo na jina iliyotumwa na shangazi au mjomba, mtu ambaye si adabu kumwambia mbele ya ukoo mzima kwamba amedanganywa. Mchezo haumwandai mtu kwa hali hiyo hata kidogo.

Pungufu la pili ni zito zaidi. Msingi wa mchezo ni nadharia ya chanjo ya fikra iliyoasisiwa na William McGuire katika miaka ya 1960: mtu akionjeshwa kipimo kidogo cha hila, huitambua akikutana nayo tena. Watafiti wa Cambridge walipata matokeo ya kutia moyo, lakini uchambuzi mpya wa takwimu za michezo ya aina hii uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wachezaji huwa wagumu zaidi kuamini chochote, zikiwemo habari za kweli, badala ya kuwa mahiri wa kuzipambanua. Raia asiyeamini chochote hana faida kubwa kuliko anayeamini kila kitu. Vijana wa Kenya walioupekua Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, wakaufafanua mitandaoni na kuutafsiri kwa lugha za nyumbani, hawakupata nguvu kwa kushuku tu; walijua waraka halisi unapatikana wapi na namna ya kuusoma.

Kwa hiyo nashauri mchezo huu utumike kama kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha pili kiwe cha kile walichokiona watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walipowalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari: wahakiki hawakukaa kuukodolea macho ukurasa wenye shaka, bali walitoka haraka wakafungua kurasa nyingine kuuliza ni nani aliye nyuma yake. Zoezi hilo linahitaji simu moja na bando dogo, na linaweza kufanywa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu wa Tanzania aongeze maelezo mafupi kuhusu kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachoadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo, maana baada ya robo saa ya kushangiliwa kwa uzushi wapo watakaotamani kujaribu nje ya mchezo. Ningeutumia kuanzia kidato cha tatu kwenda juu. Kwa wadogo zaidi lipo toleo la watoto, nalo lina kikwazo kilekile cha mifano ya mbali.