Luneti ya bunduki: 4x32 ao 3-9x40?
Bandugu benye kuwindaka mu miombo huku Lubumbashi, kama mfuko iko mwepesi mie naona 4x32 (inakuza mara 4, kioo ya mbele milimita 32) inashinda 3-9x40 (unazungusha kukuza mara 3 mpaka 9, kioo milimita 40) ya bei ileile. Ya 3-9 inavuta nyama karibu, ndiyo, lakini hizi za bei chee ukizungusha zumu (ya kukuza) pahali risasi inapiga panaweza kuhama, na ukiweka 9 mwangaza unaofika kwa jicho unabaki upana wa milimita 4.4 tu (40 gawa kwa 9), wakati 4x32 inakupa 8, mangaribi utaona tofauti! Tena iko nyepesi. Uwanda wazi, mita 200 na zaidi, sawa, chukua 3-9. Ila mu pori yetu nani anaonaka mbali hivyo? Na pete za kufungia usinunue za ovyo, zikilegea shabaha inapotea.