Saa ya mkono ya bei ndogo: kabla ya kulipa, kagua pini

Tangu shule zilipofunguliwa, wasomaji wa hapa Lubumbashi wananiandikia malalamiko ya aina moja. Mama wa Katuba anasema mtoto alirudi nyumbani na mkanda mkononi, saa yenyewe haipo. Papa wa Kampemba alikuwa amepanda pikipiki. Saa ikamchomoka, ikaanguka kwenye lami, na lori lililokuwa nyuma likamaliza kazi. Dada wa Ruashi alirudi dukani na vipande viwili, akaambiwa, "Yaya, mtoto wako ameichezea." Nimesoma jumbe zote nikitafuta mtu anayelalamika kwamba saa yake inachelewa. Hakuna. Zilikuwa zinatembea vizuri kabisa mpaka siku zilipopotea.

Kwa hiyo rangi, ukubwa wa uso, na kama inaendana na kikwembe chako cha Jumapili, mtajiamulia wenyewe, macho mnayo. Usahihi nao naupita haraka. Karibu kila saa ya bei ndogo siku hizi ina kipande cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Seiko ndio walioanza kuuza saa ya mkono ya kwatzi, Astron, tarehe 25 Desemba 1969, na wakati ule ilikuwa mali ya matajiri. Leo kwatzi iko hata ndani ya saa ya dola 3, na hata hiyo itakufikisha kanisani kabla mahubiri hayajaanza. Mtu asikuuzie usahihi kana kwamba ni jambo la pekee.

Kinachotupotezea saa ni pini.

Geuza saa yoyote uangalie pale mkanda unapokutana na mwili wake. Mwili una masikio manne, mawili juu na mawili chini, na kati ya kila jozi kuna pini: bomba jembamba la chuma lenye chemchemi ndani. Chemchemi inasukuma ncha mbili nje, ncha zinaingia kwenye vitundu vilivyo ndani ya masikio, basi. Hakuna gundi, hakuna skrubu. Uzito wote wa saa, jasho lote, kila mara mtoto anapovuliwa sweta kwa nguvu, vyote vinaishia kwenye ncha hizo zenye unene wa milimita moja hivi. Mtengenezaji akitaka kubana pesa, anabana hapo, kwa sababu anajua wewe utaangalia uso.

Anabana kwa namna kadhaa. Ya kwanza ni pini fupi. Nafasi kati ya masikio ina milimita 20, pini ni ya 18, na ncha zimeshikilia kwa kuchungulia tu. Saa hiyo itavumilia kuwekwa kwenye kabati la kioo, haitavumilia foleni ya basi. Ya pili ni pini ya chuma kinachoota kutu. Hapa kwetu mvua inaanza kukolea Novemba na kuendelea miezi kadhaa, halafu inafuata vumbi jekundu la kiangazi linalochanganyika na jasho na kuingia kila mahali. Kutu ikiingia ndani ya lile bomba, chemchemi inakwama, ncha haisukumwi tena, na saa inabaki mkononi kwa bahati.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu imejificha nyuma ya maandishi ya heshima. Nyuma ya saa utasoma "Stainless Steel Back". Muuzaji atakuonyesha kwa kidole: "Mama, ona, chuma kisichoota kutu!" Soma tena neno la mwisho. Ni mfuniko wa nyuma tu. Mwili wenyewe mara nyingi umemiminwa kwa mchanganyiko laini wa zinki, kisha ukachovywa rangi ya fedha au dhahabu. Vitundu vya pini vimetobolewa ndani ya madini hayo laini. Kila siku ncha ya pini inakikwangua kitundu kidogo, kinapanuka, kinakuwa yai badala ya duara, na siku moja pini nzima, yenye afya kabisa, inatoka. Utanunua pini mpya na hiyo pia itatoka. Saa ya namna hiyo haitengenezeki.

Ya nne ni mkanda wenye umbo lake peke yake, una pembe au ulimi unaoingia ndani ya mwili wa saa. Ukikatika, hakuna fundi mjini atakayekupatia mwingine. Masikio yenye nafasi ya kawaida, milimita 18, 20 au 22, ndiyo yanayopata mkanda popote.

Nenda dukani na rula ya mtoto. Najua watakucheka, mimi wananicheka tangu zamani. Pima nafasi kati ya masikio. Kisha shika mwili wa saa kwa mkono mmoja na mkanda kwa mwingine, usukume mkanda kushoto na kulia. Ukiteleza na kuacha mwanya upande mmoja, pini ni fupi au mkanda si wake. Sasa usokote taratibu, kama unavyokamua nguo. Ukisikia "tik", rudisha mezani. Mwisho omba mkanda utolewe upande mmoja na ubonyeze ncha ya pini kwa ukucha: iingie ndani laini, irudi yenyewe kwa nguvu. Muuzaji anayekataa kutoa mkanda amekwisha kukujibu.

Sasa orodha ya saa za kununua. Nasema wazi mapema: mimi ni mtu wa Casio, na anayetaka mizani iliyo sawa pande zote atafute mwongozo mwingine.

Nafasi ya kwanza ni Casio F-91W. Ipo sokoni tangu 1989 na haijabadilika sura, jambo linaloniambia kwamba waliipata sawa mara ya kwanza. Ina gramu 21 pamoja na mkanda wake. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: saa nyepesi haivuti pini. Watu wetu wanapima saa kwa kuirusha kidogo kiganjani, wakisikia nzito wanasema "hii ni ya kweli", bila kujua kwamba uzito huo ndio utakaoichomoa. Kampuni inaahidi tofauti isiyozidi sekunde 30 kwa mwezi, na betri ya CR2016 ya karibu miaka 7. Ubaya wake? Mkanda wa plastiki unakakamaa kwa miaka na kupasuka kwenye vitundu vya bizimu. Taa yake ya kijani ni dhaifu mno, inaangaza pembe moja na kuacha kwingine gizani. Na haipendi kuogelea: "Water Resist" bila namba maana yake ni mvua na kunawa mikono. Lakini mkanda wa milimita 18 unaingia, kwa hiyo wa kwanza ukikatika maisha yanaendelea.

Kopi zake zimejaa. Saa ikiwa inaonyesha muda wa kawaida, bonyeza kitufe cha kulia na ukishikilie sekunde tatu hivi: uso utaandika CASIo. Isipoandika, aga. Ikiandika, usifurahi bado, maana baadhi ya wanaotengeneza kopi wamejifunza ujanja huo. Geuza nyuma: skrubu nne ndogo, maandishi yaliyochongwa na kuingia ndani ya chuma, na namba ya mashine, ambayo kwa nyingi ni 593. Kopi mara nyingi ina maandishi yaliyopauka ambayo ukiyasugua kwa kidole unayahisi juu juu.

Ya pili ni Casio W-800H. Ni kubwa zaidi na bei yake iko juu, lakini imeandikwa mita 100 za kuzuia maji, betri yake ni ya miaka 10, na inaweka saa za sehemu mbili. Anayefanya biashara na Kinshasa anajua faida yake: wao wako nyuma yetu kwa saa moja, na kila mwezi kuna mtu anayempigia bosi wa kule akiwa bado kitandani. Kwa mwenye kuosha magari, fundi bomba, mama anayefua, hii ndiyo ningenunua. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa bei.

Ya tatu, Casio MQ-24, ya mishale, nyepesi kama ile ya kwanza. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaojiandaa kwa Exetat (mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari), simu haziruhusiwi chumbani, na saa ya mishale haimtilii mtu shaka. F-91W inalia "pip" kila saa kamili ikiwa hujaizima, nayo si sauti unayotaka msimamizi aisikie. Betri ya MQ-24 ni ndogo, SR626SW, ya miaka 2 hivi. Ikumbukeni namba hiyo, nitairudia.

Nafasi ya nne nawapa Q&Q, na wapenzi wao watanikasirikia. Ni chapa ya kundi la Citizen, si watu wa barabarani, na nyingi za plastiki zimeandikwa 10 bar, yaani unaweza kuogelea nazo. Kwa maji zinaishinda F-91W mbali. Kwa nini basi ziko hapa? Kwa sababu mimi ndiye ninayeandika.

Halafu zile zisizo na jina, au zenye jina linalofanana na jina la mtu mkubwa. Sina mengi. Ukiona "Japan Movt" chini ya uso, ikiwa ni kweli, maana yake ni mashine ya ndani tu, haisemi neno lolote juu ya mwili wala pini. Ukiona macho matatu madogo usoni, bonyeza vitufe vya pembeni uone kama mishale yake inasogea. Mara nyingi ni picha iliyochorwa. Muuzaji akisema "otomatiki", yaani inatembea bila betri, na mshale wa sekunde unaruka pigo moja kila sekunde, hiyo ni betri. Saa janja za bei ya chini kabisa zinataka kuchajiwa kila mara, na mwenye kuishi na ratiba ya umeme ya kwetu hahitaji kifaa kingine cha kupanga foleni kwenye soketi. Basi, tumemaliza nazo.

Lililobaki ni wauzaji, na hapa nitapumua.

Betri kwanza. Saa mpya ya mishale inakuja na kiplastiki kidogo kilichokwama chini ya kitufe cha kupangia majira, ili mashine isimame na betri isiliwe. Wauzaji wanakitoa ili saa zitembee na kuvutia wapita njia. Unanunua "mpya" iliyokwisha kutembea miezi juani. Ikizima, unapeleka kwa fundi wa pembeni, anakuwekea AG4. Inaingia vizuri kwa sababu ukubwa ni ule ule wa SR626SW, lakini ndani ni alkalini: nguvu yake inashuka kidogo kidogo, wakati ile ya oksidi ya fedha inashikilia volti 1.55 karibu mpaka mwisho. Na ya alkalini ikizeeka inaweza kuvuja na kula mashine. Mwambie fundi akuonyeshe namba kabla hajafunga, na umwangalie asisahau ule mpira mwembamba wa kuzuia maji. Ukibaki mezani kwake, hata mita 100 za kampuni zinakuwa sifuri.

Dhamana pia. Nimeonyeshwa karatasi zenye muhuri zinazosema miezi sita, zisizo na jina la duka. Ukiuliza zinafunika nini, zinafunika mashine tu, kile kitu kimoja ambacho hakiharibiki. Mkanda na pini "havihusiki".

Na bei! Ikipanda, jibu ni Kasumbalesa, kule mpakani, au ni dola. Mwaka 2025 faranga yetu ilipopata nguvu mbele ya dola, niliingia sokoni nikiwa na matumaini, nikaambiwa mzigo huu "ulinunuliwa zamani". Dola ikipanda, hakuna mzigo ulionunuliwa zamani, wote umeingia jana usiku. Wanakutajia bei kwa dola, wanakurudishia chenji kwa faranga, kwa kiwango walichokitunga palepale. Noti yako ikiwa na mchaniko wa milimita mbili wanaikataa kwa dharau; saa yao yenye mkwaruzo usoni wanataka uichukue kama mpya.

Kwa hiyo mkianza kupatana, msidai tu kupunguziwa. Wakikwama kwenye bei, dai pini mbili za ziada za ukubwa ule ule, na zijaribiwe kwa ukucha mbele yako kabla pesa haijatoka. Wakisema hawana, mafundi wa saa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wanazo kwenye vikopo, zimechanganywa za kila ukubwa. Nenda na rula.