Tathmini: Darasa la Jioni la Kemia Mtanda, Lindi, na Mada ya Isotopu

Mpwa wangu yuko Kidato cha Pili, na mwaka huu anaishi kwangu hapa Lindi mjini. Mwishoni mwa muhula uliopita nilimwuliza atomu ya klorini ina nyutroni ngapi, yaani zile chembe za kiini cha atomu zisizo na chaji. Akachukua kalamu, akatoa 17, yaani idadi ya protoni (chembe za kiini zenye chaji chanya), katika 35.5, yaani tungamo la atomu ya klorini, akanijibu, "Mjomba, ni 18 na nusu." Hakuona tatizo lolote katika jibu hilo, kwa kuwa kutoa alikuwa ametoa sawasawa, na shuleni alikuwa amekaririshwa kwamba nyutroni hupatikana kwa kutoa namba ya chini katika namba ya juu. Siku ile ndipo nilipoamua kumtafutia tuisheni. Amekwisha kusoma mwezi mzima katika darasa la jioni la mwalimu mmoja wa kemia eneo la Mtanda, mada ikiwa ni muundo wa atomu, isotopu (atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni) na tungamo la atomu, nami kwa ruhusa ya mwalimu nilikaa benchi la nyuma katika vipindi vinne.

Ya kawaida nitayataja kwa ufupi. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi kwa siku tatu za wiki, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili. Wanafunzi ni 24, na kila mmoja ana mahali pa kukaa. Karatasi za notsi hununuliwa kando steshenari kwa shilingi 1,500, jambo ambalo mzazi angepaswa kuambiwa siku ya kuandikisha mtoto, si wiki ya pili.

Kipindi kilichonifanya niamini kwamba fedha yangu haikupotea ni kile cha chumvi. Mwalimu alikuja na kiganja cha chumvi ya mawe, ile inayovunwa katika mashamba ya chumvi ya mwambao wetu, akaimwaga juu ya karatasi na kuuliza kama klorini iliyomo humo ni ya aina moja. Darasa zima likajibu ndiyo. Akawaeleza kwamba klorini yote ina protoni 17, na hizo protoni ndizo zinazoifanya iwe klorini, lakini katika kiini cha baadhi ya atomu mna nyutroni 18 na katika kiini cha nyingine mna nyutroni 20. Za kwanza huitwa klorini-35, za pili klorini-37, na kwa kadirio la shuleni kila atomu nne za klorini, tatu ni za aina ya kwanza na moja ni ya aina ya pili. Zote huungana na sodiamu kwa namna ileile, zote zina ladha ileile ya chumvi, na mpishi hawezi kuzitofautisha hata akipika maisha yake yote.

Baada ya hapo akatoa mfuko wenye vizibo 100 vya soda. Vizibo 75 vilikuwa vimeandikwa 35, na 25 vimeandikwa 37. Kila mwanafunzi alichota vizibo vinane bila kutazama, akakokotoa wastani wake, akavirudisha mfukoni. Mmoja alipata 35.25, mwingine 35.5, na binti mmoja wa benchi la mbele alipata 36 akadhani amekosea, kumbe alikuwa ameangukia vizibo vinne vya 37. Mwalimu aliandika majibu yote ubaoni, akatafuta wastani wa darasa zima, nao ukakaribia sana 35.5. Kisha akarudi kwenye chumvi na kuwaambia kwamba punje moja ndogo ya chumvi ina atomu za klorini mamilioni ya mabilioni, kwa hiyo wastani wake hauyumbi kama wa mtu aliyechota vizibo vinane tu.

Mpwa wangu ndiye aliyenyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mbona mfukoni hakuna kizibo hata kimoja kilichoandikwa 35.5?" Mwalimu alimwomba arudie maneno hayo kwa sauti, kisha akayaandika ubaoni na kuyaacha hapo hadi mwisho wa kipindi. Hiyo ndiyo mada yote ya tungamo la atomu. Namba 35.5 haielezi atomu yoyote ya klorini iliyowahi kuwapo, bali ni wastani wa kundi, na kila atomu moja moja ina idadi kamili ya nyutroni. Mtoto aliyelielewa hili hawezi tena kuandika nyutroni 18 na nusu, hata kama hajakariri kanuni yoyote.

Kuhusu wastani wenyewe, mwalimu alieleza vizuri kwamba 35 na 37 zikijumlishwa na kugawanywa kwa mbili hupatikana 36, na kwamba jibu hilo si sahihi kwa sababu aina mbili hizo hazilingani kwa wingi. Mimi niliyefanya kazi miaka mingi katika ghala la korosho la chama cha msingi sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Ghala likiwa na magunia 90 ya daraja la kwanza na magunia 10 ya daraja la pili, hakuna karani anayejumlisha bei mbili na kuzigawa kwa mbili ili kupata wastani wa bei kwa gunia, maana wakulima wangemfukuza siku hiyohiyo. Kila bei huzidishwa kwa magunia yake kwanza. Nilimshauri mwalimu atumie mfano huo, kwa kuwa nusu ya watoto wale wametoka katika nyumba za wakulima, naye aliupokea kwa moyo mweupe.

Lugha ya kufundishia ni jambo jingine la kusifiwa. Mwalimu huyu hueleza wazo lote kwa Kiswahili, huhakikisha limeeleweka, na ndipo huandika ubaoni istilahi ya Kiingereza ambayo mtoto ataikuta kwenye karatasi ya mtihani. Hata neno isotopu lenyewe alilifungua, akisema kwamba lilianza kutumiwa mwaka 1913 na mwanakemia Mwingereza Frederick Soddy, baada ya daktari Margaret Todd kumpendekezea maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya sawa na mahali. Kwa maneno ya mwalimu, ni atomu zinazokalia kiti kimoja katika jedwali la elementi ingawa uzito wao haulingani. Sijapata kusikia maelezo mafupi na safi kuliko hayo.

Katika kipindi cha mwisho mwanafunzi mmoja aliuliza kama mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa, ile iliyochimbwa na Wajerumani hapa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ilipimwa umri kwa kaboni-14. Wapo walimu ambao wangesema ndiyo na kuendelea. Huyu aliketi juu ya meza, akalijibu swali kwa karibu nusu saa. Kaboni-12 ina nyutroni sita, kaboni-14 ina nane, na hii ya pili si imara. Kiumbe akiwa hai huendelea kuiingiza mwilini kwa chakula, na akifa haipati tena, na kila baada ya miaka 5,730 hivi nusu ya iliyobaki huwa imegeuka naitrojeni. Watoto waligawa kwa mbili mara kumi mfululizo, wakaona kwamba baada ya miaka 57,300 hubaki pungufu ya sehemu moja katika elfu. Mnyama yule, ambaye mifupa yake iliyosimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Kaboni-14 yake ilikwisha zamani mno, na umri wake hukadiriwa kwa tabaka za miamba na visukuku vya viumbe wa baharini vilivyomo. Niliona fahari kwamba swali kubwa kama hilo liliulizwa na mtoto wa Lindi kuhusu kitu kilichotoka Lindi.

Kasoro zipo, na moja si ndogo. Mpwa wangu aliuliza hizi asilimia 75 na 25 zilihesabiwa na nani, akajibiwa kwamba katika mtihani hutolewa kwenye swali. Jibu hilo halifai darasa zuri kama hili. Francis Aston alitengeneza huko Cambridge mwaka 1919 chombo cha kutenganisha atomu kwa tungamo, ambamo atomu zilizopewa chaji hupitishwa katika nguvu za umeme na sumaku, na zile nzito hupinda kidogo kuliko nyepesi, hivyo kila aina huangukia mahali pake. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1922. Mchoro mmoja ubaoni ungetosha, na mtoto angejua kwamba asilimia hizo zilipimwa. Vilevile vipimo vya leo vinakaribia 75.8 na 24.2, na ndiyo sababu majedwali mengi huandika 35.45 badala ya 35.5. Hilo nalo halikutajwa.

Kasoro kubwa imo katika karatasi ya tatu ya notsi, ambako imeandikwa kwamba ili kupata idadi ya nyutroni, mwanafunzi akadirishe tungamo la atomu hadi namba kamili iliyo karibu, kisha atoe namba atomia, yaani idadi ya protoni. Kwa kaboni njia hiyo itafanikiwa. Kwa shaba itampoteza, kwa sababu tungamo lake ni 63.55, litakadirishwa kuwa 64, na ukitoa 29 utabaki na nyutroni 35, ilhali shaba ya asili ni mchanganyiko wa shaba-63 yenye nyutroni 34 na shaba-65 yenye nyutroni 36. Bromini ni mbaya zaidi. Tungamo lake ni 79.90, nalo linaonekana kama 80 safi, kumbe bromini ya asili ni ya 79 na 81, karibu nusu kwa nusu, na ya 80 haimo. Sentensi hiyo moja inalirudisha kosa lilelile la 18 na nusu, ila sasa limevikwa namba kamili na halionekani tena.

Nilimweleza mwalimu ana kwa ana, akakubali na kuahidi kwamba toleo la muhula ujao litasahihishwa. Mpwa wangu ataendelea na darasa hili, na ada ya mwezi wa pili nimekwisha kuilipa. Steshenari bado inauza karatasi zilezile za zamani, kwa hiyo mzazi atakayezinunua wiki hizi aifute kwa kalamu sentensi ya pili kutoka juu katika karatasi ya tatu, kabla mtoto hajaikariri.