Moshi mweusi: kuzuia gereji au kupima ekzosi?

Simama Buhongwa, Mwanza, jioni, fuso likiondoka na shehena ya mchanga: moshi mweusi tii, na mama muuza dagaa anawahi kufunika beseni kwa kanga.

Njia ya kwanza ya kuukomesha moshi huu ni kupiga marufuku marekebisho yenyewe: kufungulia pampu imwage dizeli nyingi ili gari lipate nguvu, au kung'oa masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuyauza, maana yana platinamu. Kule Marekani, jimbo la New Jersey lilipiga marufuku mwaka 2015 kuyatengeneza magari ya dizeli yatoe moshi makusudi. Uzuri wake, ekzosi iliyokatwa na kuchomelewa upya inaonekana kwa macho. Ubaya ni pampu: asubuhi ya ukaguzi bisibisi moja inairudisha ilivyokuwa, jioni inafunguliwa tena.

Njia ya pili, kupima moshi unaotoka, inamnasa hata mwenye nozeli chakavu za kupulizia dizeli ambaye hakugusa kitu. Ila inataka mashine, na trafiki hawezi kuwa nayo Igoma na Nyegezi kwa wakati mmoja.

Mimi ningeanza na marufuku, faini ikimfuata tajiri mwenye gari, siyo dereva wa hesabu asiyejua hata pampu ilifunguliwa lini.